Dairekta ni huyo dada

Kuna dharau moja kwenye hii fani imenichosha. Watu wa filamu huru, wale wa kuzunguka na matamasha, ukiwaambia unaongoza tamthilia ya TV wanakuangalia kama umewaambia umeacha kazi unauza vitumbua. Na watu wa tamthilia nao wakisikia umeenda kushuti filamu ya dakika 90 bila staa hata mmoja wanakuuliza sasa hiyo ataangalia nani. Mie nimefanya zote mbili na bado nafanya zote mbili, hela ya huku ndo inalipa ya kule, na mtu akiniuliza kuongoza nimejifunzia wapi simtajii chuo, namwambia tamthilia, tena ile ya kila siku jioni, ya mama mkwe na mkwewe kugombania mtoto wa kiume. Filamu huru imenipa vitu vingine nitavisema huko mbele, ila kuongoza kama kazi, yaani umeamka asubuhi unajua leo kuna sini nane na jua likizama hujamaliza kesho hiyo nyumba mwenyewe anaitaka, hiyo nimefundishwa na TV.

Nimekulia Tanga mjini enzi za vibanda umiza, vile vya mabati vya kuonyeshea video. Picha za Kihindi, za Kichina, za kina Schwarzenegger, zote zinapita kwenye sauti ya Lufufu anavyotafsiri na kuongezea chumvi zake, na mtoto wa kike kuonekana mle ndani ilikuwa kesi nyumbani, kwa hiyo mie na wenzangu tulikuwa tunakaa nje tumeegemea mabati tunasikiliza. Picha hatuoni, tunasikia tu. Nikirudi namsimulia bibi filamu nzima na sura za watu nimejitungia mwenyewe. Nadhani ndo maana mpaka leo bajeti ikibana napunguza taa kabla sijagusa sauti. Mtazamaji wa kwetu anasamehe picha yenye giza, ila asiposikia kinachosemwa anahamisha chaneli, na tukubaliane, tamthilia nyingi TV inaongea sebuleni huku mwenye nyumba yuko jikoni anakaanga samaki, hadithi anaifuata kwa masikio.

Na sauti Dar ni vita. Kunguru kwanza. Hawa kunguru wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 wakaja kujaa pwani nzima, na sijui nani kawaambia kwamba sini ya kulia ndo muda wao wa kikao juu ya mwembe. Halafu bodaboda aliyekata eksozi, fundi wa jirani anayechomelea geti, jenereta, na adhana ya alasiri ambayo hiyo unaiheshimu unasimamisha kazi watu wanaswali. Ratiba yangu yoyote ile ina nafasi ya alasiri, tena nimeiandika, kwa sababu prodyuza akija juu "mbona watu wamekaa" namwonyesha karatasi.

Seti nimeingia kwa mlango wa kontinuwiti. Kama hujui, huyu ni yule anayekaa na daftari anaandika glasi ilikuwa mkono gani, kitenge kimefungwa upande gani, chai imebaki nusu au imeisha. Ilikuwa kazi ya kupewa wasichana maana inaonekana ni ya kuandika andika, malipo nauli na sahani ya wali. Lakini jamani hakuna kiti kizuri kama kile kwenye seti nzima. Unakaa pembeni ya dairekta tangu asubuhi, unasikia anavyobishana na kameramani, unaona teki zote kuanzia ile mbovu mpaka ile iliyokubaliwa, na unajua hata kabla ya mtu wa editi kwamba sini hii haitaungana kwa sababu mwigizaji aliinuka na mkono wa kulia na kwenye klozap, ile picha ya karibu, akainuka na wa kushoto. Mabinti wanaoniandikia wanataka kuanza moja kwa moja na uongozaji nawaambia tafuteni hicho kiti kwanza, wengi hawanielewi wanadhani nawashusha.

Hiyo ilikuwa enzi za VCD na DVD, Kariakoo ndo makao makuu. Filamu inashutiwa wiki, wiki na kitu, skripti yenyewe mara nyingi karatasi chache za mtiririko wa sini, maneno waigizaji wanajipa papo kwa papo. Watu wanaiponda sana ile staili na mie siwezi kuiponda yote, kuna waigizaji walikuwa wanatoa maneno ambayo hakuna mwandishi angeyaandika, ugomvi unausikia kabisa huu ni ugomvi wa uswahilini. Kilichokuwa kinaniuma ni Part 1 na Part 2. Msambazaji anataka makasha mawili ili auze mara mbili, kwa hiyo hadithi ya saa moja na nusu inavutwa mpaka inakaribia saa tatu, ndo zile sini za mtu anashuka kwenye gari, anafunga mlango, anatembea mpaka getini, anagonga, anasubiri, anafunguliwa, anasalimia, anatembea tena. Tulicheka ila ilikuwa ni biashara ndo inaandika skripti. Na ukishamaliza unauza master, yaani nakala mama, jumla jumla, pesa unapokea mara moja na filamu sio yako tena maisha. Nawajua watu filamu zao zinarushwa mpaka leo na hawapati hata mia.

Kanumba, staa wetu mkubwa wa filamu, alipofariki Aprili 2012 nilikuwepo viwanja vya Leaders siku ya kumuaga. Ule umati sijawahi kuuona tena, wamama wanaanguka, watoto wamepanda juu ya miti. Nilirudi nyumbani siku ile nimeacha kabisa kuamini yale maneno kwamba Watanzania hawapendi vya kwao. Watu walikuwepo, njia ya hela kutoka kwao mpaka kwa mtengenezaji ndo ilikuwa imetoboka, DVD feki zinatoka mapema kuliko orijino, baadaye flashi, baadaye simu. Azam TV ilipoanza mwishoni mwa 2013 na Maisha Magic Bongo ya DStv ikaja nyuma yake, ghafla kuna mtu anataka episodi nyingi, zenye skripti, zenye sauti safi, zinazofika kwa tarehe. Wakongwe kadhaa walinuna, walizoea wiki moja wamemaliza wamelipwa. Sisi wa madaftari tulikuwa tunajua kupanga, tukaitwa.

Nilianza kama msaidizi wa dairekta, af siku moja prodyuza akaniambia episodi zinazofuata ongoza wewe. Hakukuwa na sherehe, aliyekuwa anaongoza alipata dili kubwa zaidi akaondoka. Sasa hapo ndo nikaona mambo. Mtu wa taa ana swali, anapita mbele yangu, anaenda kumuuliza kameramani. Mwigizaji hajui aingie kulia au kushoto, anamuuliza kameramani. Dereva anataka kujua chakula saa ngapi, kameramani. Na kameramani mwenyewe kijana mstaarabu kabisa, wala hakuwa na shida na mie, ila watu wakikuuliza unajibu. Sikugomba. Nilimvuta pembeni nikamwomba kitu kimoja, kila ukiulizwa, hata kama jibu unalijua, sema "dairekta ni huyo dada, muulize yeye." Akafanya hivyo wiki nzima bila kuchoka, mpaka ikawa utani seti nzima, mtu akiuliza choo kiko wapi wanaitikia kwa pamoja dairekta ni huyo dada. Baada ya hapo sikuulizwa tena mimi ni nani. Kelele ningepiga, na najua kupiga, ila dada akipaza sauti seti wanasema ana hasira, kaka akipaza sauti wanasema leo dairekta yuko kazini. Nimeyaona yote mawili siku moja kwenye seti moja.

Ngoja niwape sini moja niwaonyeshe ninachomaanisha kwamba TV inafundisha. Nyumba ilikuwa Mbezi, jiko dogo, mama mkwe kafika kutoka mkoani bila taarifa akakuta mkwewe kapanga upya jiko lote ambalo yeye ndo alilipanga mtoto wake alipohamia. Skripti inasema anafoka nusu ukurasa. Mwigizaji ni mama mtu mzima, mtu wa jukwaa tangu mie sijazaliwa, sauti anayo, akafoka vizuri sana na sini ikawa ya kawaida kabisa, umeshaiona mara mia. Muda hakuna, nyuma kuna sini tatu zinasubiri. Mtu mzima humwambii mbele za watu umekosea, nikasogea mpaka sikioni, "Mama, shikamoo tena, naomba unisaidie kitu. Usigombe. Fungua kabati utoe kikombe kimoja, kile safi, uende ukakioshe." Akanitazama. "Kilichooshwa?" "Ndio mama, kilichooshwa." Akaguna, akasema haya mwanangu twende. Akatoa kikombe, akakinusa kidogo, hilo alijiongezea mwenyewe, akakiosha taratibu huku anaulizia hali ya mtoto, sauti ya upole, na yule binti aliyecheza mkwe machozi yakamtoka ya kweli, hatukuwa tumepanga. Teki moja. Nusu ukurasa wa maneno tukautupa. Ilivyorushwa simu zilipigwa mpaka prodyuza akaniuliza nani aliandika ile sini.

Ningekuwa na siku mbili za kushuti jiko lile ningejaribu pembe tano na taa za kila aina na pengine ningefika palepale, pengine nisingefika. TV hainipi hizo siku mbili, inanilazimisha niulize haraka huyu mtu anataka nini na mkono wake unafanya nini, basi.

Kitu kingine ambacho watu wa nje hawakijui ni kwamba hatushuti episodi ya kwanza, ya pili, ya tatu kwa mpangilio. Tunashuti kwa nyumba. Tukiwa sebuleni kwa tajiri tunashuti sini zote za sebule ile za episodi kumi na kitu, asubuhi binti ameolewa, saa sita hajamjua huyo mwanaume, jioni ameshaachika. Mwigizaji anachanganyikiwa, na wewe dairekta ndo unatakiwa ubebe kichwani kila mtu yuko wapi kwenye maisha yake. Hapo daftari langu la kontinuwiti liliniokoa. Na adui namba moja kwenye hili, cheka tu, ni msuko. Mwigizaji kasuka twende kilioni Jumatatu, Jumamosi kaenda kwenye harusi ya ndugu yake kafumua kabandika wigi, Jumatatu anakuja na sura mpya na sini yake inaanza sekunde ileile alipokuwa anafungua mlango na twende kilioni. Siku hizi mkataba wangu una kipengele cha nywele na msusi analipwa na prodakisheni, kafungua saluni yake palepale lokesheni. Madairekta wenzangu wa kiume walicheka kipengele kile, af mmoja wao akaja kuniomba nimtumie akikopi.

Kuhusu kupanga sini, kila mtu na njia yake. Wengi wanaanza na picha pana af wanasogea. Mie kama kuna mtu wa kulia au wa kukiri jambo zito naanza na klozap yake kabla hajachoka, picha pana namalizia, kwa mbali hakuna anayeona machozi yamekauka. Na upande wa dirisha kwanza, jua la Dar linakimbia, miezi mingi saa kumi na mbili na nusu lishazama, hakuna kuliomba.

Sasa niseme hili ambalo tunalisema pembeni tu. Rushwa ya ngono. Ipo, wala isipakwe rangi. Binti anaambiwa nafasi ipo ila njoo tuongee jioni hotelini. Sheria ipo pia, ile ya kuzuia rushwa ya 2007 kifungu cha 25 kinaitaja kabisa rushwa ya ngono, TAKUKURU wanapokea taarifa, lakini binti wa miaka ishirini ambaye anataka kuonekana kwenye TV haendi kushtaki mtu ambaye kesho ndo anagawa kazi. Mie sina uwezo wa kusafisha fani nzima, nina uwezo wa seti yangu. Usaili ni mchana, mlango wazi, sio hotelini, mezani hakai mtu mmoja na lazima mwanamke awepo. Namba za simu za waigizaji wapya anazishika mtu mmoja wa ofisi, hazizunguki. Sini ya kitandani tunaikaa tunaiongea siku kadhaa kabla, mguso kwa mguso, siku ya kushuti wanabaki wanaohitajika tu na simu zote zinakaa nje kwenye beseni. Kuna mtu mmoja mwenye jina alinikatalia kazi kwa sababu ya hilo beseni. Sawa, akaenda zake.

Filamu huru sasa. Nilikuwa na hadithi ya wanawake wa mwani, Unguja mashariki, huko Paje na Jambiani ambako kilimo cha mwani wa kuuza kilianza mwaka 1989, na wakulima wake wengi ni wanawake. Mwani ule unakaushwa unasafirishwa nje, unaishia kwenye dawa za meno na aiskrimu na vipodozi, na anayeulima anausimamia mpaka kiunoni kwenye maji ya chumvi. Kuna aina mbili, spinosamu na kotonii, kotonii ndo yenye bei nzuri na ndo inayokufa maji yakipata joto, kwa hiyo wamama wanasukumwa kwenye kina kirefu na wengi wao hawajui kuogelea. Hiyo ndo ilikuwa filamu yangu, mama na binti yake, mmoja anataka kwenda kina kirefu mwingine hataki.

Kutafuta hela nimezunguka miaka. Kuna mfanyabiashara alinisikiliza vizuri mpaka mwisho, akafunga faili, akauliza, "Sawa dada, hadithi nzuri, sasa nani atakuongozea?" Nikamwambia mimi. Akacheka kwa upole kabisa, akasema hapana namaanisha yule dairekta mwenyewe. Nikamtajia, Kenya hapo Anne Mungai kaongoza Saikati tangu mwaka 1992, mie nilikuwa bado naegemea mabati, Judy Kibinge, Hawa Essuman, Wanuri Kahiu kaenda mpaka Cannes 2018 na ndo filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kule. Hakutoa hela ila nilijisikia vizuri hahaha. Baadaye Seko Shamte alipotoa Binti mwaka 2021, wanawake wanne wa Dar na shida zao za ndani kabisa, nikawa na mfano wa hapahapa nyumbani, na siku hizi lile swali linakuja kwa sauti ya chini kidogo. Hela yenyewe nilipata vipande vipande, mfuko mdogo wa nje kidogo, akiba ya tamthilia kidogo, kamera ya rafiki, mafuta ya shemeji.

Kwa wanaopanga kwenda kushuti Zanzibar, filamu sio jambo la Muungano. Bara unapita Bodi ya Filamu, kule unapita BASSFU, baraza lao la sanaa na filamu, kibali cha huku hakikusaidii kitu kule. Na hata ukiwa na karatasi zote, shuka kwanza kwa sheha, kiongozi wa pale mtaani, kaa, kunywa chai, eleza unataka nini na utaondoka lini. Nilimkuta mzalishaji mmoja kutoka nje na vibali vyote vya serikali kakaa hotelini wiki na kamera zake kwa sababu alianza kupiga picha wanawake ufukweni bila hodi, hakuna aliyemfukuza, ila kila akifika pwani hakuti mtu.

Na kule nikafundishwa kitu ambacho TV haijawahi kunifundisha. Mwani unapangiwa ratiba na mwezi. Maji yakiwa ya bamvu, mwezi mpya na mwezi mpevu, bahari inakupwa mbali mashamba yanaonekana wamama wanaingia kazini. Maji mafu, hakuna kitu, bahari haitoki vya kutosha kila mtu yuko nyumbani na shughuli zake. Mie nimetoka na ratiba yangu ya Dar, sini nane kwa siku, nikakaa na bi mkubwa mmoja mkulima akaiangalia ile karatasi akasema, "Mwanangu, hii tarehe yako bahari haina habari nayo." Tukaandika upya ratiba nzima kwa mwezi. Siku chache za bamvu tunashuti kama vichaa, tena saa zenyewe zinasogea kila siku mbele kidogo kwa hiyo na jua nalo linabadilika, halafu siku za maji mafu tunashuti ndani ya nyumba au tunakaa. Kukaa! Kikosi cha watu wanaokula mara tatu kwa siku, kimekaa. Wiki ya kwanza nilikuwa nahesabu hela kichwani usiku mzima. Ila zile siku za kukaa ndo binti wangu mwigizaji wa Dar alienda kusaidia kufunga mwani barazani na wenyeji, kwa vile vikamba vidogo wanavyoviita taitai, mwanzoni bi mkubwa akimfungulia kila alichofunga, "Mwanangu, taitai haifungwi hivyo, ukipigwa na wimbi moja huo ushakwenda zake," mpaka vidole vyake vikapata kasi. Tulipoingia majini kushuti, mikono yake ilikuwa inafanya yenyewe huku yeye anamgombeza mama yake. Hiyo hupati kwa mazoezi ya asubuhi moja ya tamthilia, siwezi kudanganya.

Waigizaji wengine wote walikuwa wakulima wenyewe, na hapo nilirudia uzoefu wa zile filamu za Kariakoo, sikuwapa maneno ya kukariri. Nilikuwa nawaambia hali tu, huyu anataka hivi, wewe hutaki, semeni. Kiswahili kilichotoka pale mie wa Tanga nilikaa kimya nasikiliza, mtu anakutukana kwa heshima mpaka unasema asante.

Ikafika editi. Mshauri mmoja wa nje alisema sini ya mzani tuitoe, pale wamama wanapeleka mwani mkavu kwa mnunuzi na anapima na anataja bei. Alisema inapunguza kasi. Tukaitoa kwenye nakala ya kwanza, nami nikasema kabla sijaipeleka popote naipeleka Jambiani. Tukatundika shuka ukutani, projekta ya kuazima, kijiji kizima kimekaa chini, watoto mbele. Walicheka pale ambapo sikutegemea, wakanyamaza pale nilipotegemea, ikaisha wakapiga makofi, na mama mmoja akasimama, "Umetuonyesha tunavyochoka, umetuonyesha tunavyogombana na watoto wetu. Mzani mbona hujauonyesha?" Wakadakia wote, ehee, mzani. Mshauri aliona filamu nyingi kuliko mie lakini hajawahi kusimama mbele ya mzani ule. Nikairudisha, ndefu kama ilivyokuwa, tena nikaongeza kimya cha yule mnunuzi anavyosubiri mshale utulie.

Ilivyoonyeshwa Ngome Kongwe kwenye ZIFF, ile tamasha iko tangu 1998 na mie nimewahi kulala chini pale kwa mwenyeji nikiwa mwanafunzi wa sanaa ili tu nione filamu za bure usiku, sini iliyowatuliza watu kuliko zote ni ya mzani. Nje ya nchi watu waliuliza zaidi kuhusu tabianchi na joto la bahari, maswali mazuri, nayajibu. Hela? Filamu imezunguka sana na imerudisha kidogo sana, tuwe wakweli. Tamthilia ndo imelipa kodi ya nyumba miaka yote hiyo, ingawa nayo ina kero zake, kuna kituo kimoja kilikaa na malipo ya episodi zilizorushwa mpaka waigizaji wakawa wananipigia mie usiku kama vile mie ndo benki. Tangu hapo sipeleki fungu jipya la episodi kabla la nyuma halijalipwa, na nimeandika hivyo kwenye mkataba, na siuzi tena kitu jumla. Natoa haki ya kurusha kwa miaka iliyotajwa na nchi zilizotajwa, ikiisha tunaongea upya. COSOTA, ofisi ya hakimiliki, nenda kasajili kazi yako, na mkataba mpe wakili ausome hata kama anakugharimu, lugha ya mle ndani imeandikwa ukiwa na njaa usiielewe.

Watoto? Naulizwa sana, wenzangu wa kiume sijasikia wakiulizwa. Niliwahi kuongoza nikiwa nanyonyesha, mama yangu alikuwa anakuja na mtoto seti saa nne na saa nane, na watu wakajifunza kwamba hizo dakika ni za kubadilisha lenzi. Ratiba haikuchelewa. Tuendelee.

Saa hizi niko kwenye kubishana na kituo kuhusu sizoni mpya. Wanataka mama mkwe arudi, yule yule wa kikombe, kwa sababu tangu aondoke wamama wanapiga simu wanalalamika tamthilia imepoa. Shida ni kwamba tulishamuua, boti ilizama akienda Pemba, tumesoma na hitima kabisa, mkwe kalia, jiko limepangwa upya. Mwandishi anasema haiwezekani, prodyuza anasema pacha, mie pacha nimekataa kata kata, hiyo imechosha. Jana mwenyewe kanipigia, maana habari zimemfikia, sijui nani kamwambia. "Mwanangu, hujambo. Mie nimeangalia ile episodi mara mbili hapa na wajukuu. Mmeonyesha boti, mmeonyesha mawimbi, mmeonyesha watu wanalia. Maiti yangu iko wapi?"